Biriani ya Uyoga

Gramafoni ya nyumbani kwangu ina wakubwa wengi, na mimi simo. Nimeinunua mwenyewe kwenye duka la mitumba hapahapa Barking, mashariki ya London, pamoja na kasha zima la santuri za miaka ya sabini na themanini. Lakini msomaji mwenzangu, kama unaishi na mke, watoto, shemeji na mama mkwe chini ya dari moja, huhitaji kuelezwa mali ya mwanamume inavyogawanywa. Anayepanga saa za kupiga muziki ni mke wangu, Afande, aliyepata jina hilo kwa sababu akisema "zima," hata jirani anazima. Anayeamua nini kipigwe ni binti yetu mkubwa, Wakili, mwenye miaka kumi na mitano na hoja za mtu wa hamsini. Anayeifungua ili aone sindano inapata wapi sauti ni mdogo wake, Fundi Bomoa. Mdogo wake Afande tunamwita Besi, kwa kuwa muziki usiotikisa vikombe kabatini, kwake haujaanza. Na juu ya wote, tangu alipokuja kututazama kutoka Unguja, yuko mama mkwe wangu, Jaji Mkuu. Hukumu zake hazikatiwi rufaa.

Katika nyumba hiyo mimi nina jambo moja ninaloling'ang'ania. Nataka watu wangu waupende muziki wa Kiingereza wa aina mbili: panki, na ule wa watunzi-waimbaji, yaani mtu na gitaa lake na maneno aliyoyatunga mwenyewe. Tunaishi ndani ya jiji lililoulea muziki huo. Itakuwa dhuluma watoto wangu wakue wakidhani nchi hii ilitoa mpira na chai tu.

Wapenzi wengi wa panki wakipata msikilizaji mpya humwanzishia somo. Wanamweka kitini, wanaanza na Sex Pistols na matusi yao kwenye televisheni Desemba 1976, wanakuja kwenye albamu yao ya 1977, wanataja nani alifukuzwa na kampuni gani, na mgeni wa watu anasinzia kabla gitaa halijalia. Mimi naanza na mtu. Najiuliza: huyu akisikiliza wimbo, anasikiliza nini? Ngoma? Maneno? Sauti ya mwenye kuimba? Nampa santuri moja inayogusa hapo hapo anaposikilizia, kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana kwetu ukinyamaza, watu watano wanaichukua nafasi yako.

Besi alikuwa mwepesi. Amekulia Magomeni na kichwa kimejaa rege. Nilimwekea albamu ya kwanza ya The Clash, ya mwaka 1977, nikaipeleka sindano moja kwa moja kwenye "Police and Thieves," wimbo wa Junior Murvin wa Jamaika ambao hawa vijana wa London waliuchukua wakaupiga kwa magitaa makavu kwa dakika kama sita. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, anatoka. Akakaa.

"Shemeji, hawa Wazungu walifundishwa na nani?"

Hapo nikamweleza habari ya Don Letts, kijana wa London mwenye wazazi wa Kijamaika, aliyekuwa akipiga santuri kwenye klabu ya Roxy, Covent Garden, mwanzoni mwa 1977. Wakati huo bendi za panki zilikuwa zimejaa lakini santuri zao zilikuwa bado chache mno, kwa hiyo kati ya bendi na bendi Letts alijaza usiku kwa rege na dabu. Vijana wa panki wakaondoka pale na besi imeshawaingia mwilini. Ukitaka kusikia matokeo yake, watafute The Slits, kundi la wasichana, albamu yao inaitwa Cut, ya 1979, na aliyewasimamia studio ni Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados. Mwimbaji wao, Ari Up, alikuwa na miaka kumi na minne tu kundi lilipoanza. Nilipoiweka hiyo, Besi aliinuka mwenyewe akaongeza sauti, vikombe vya harusi vya Afande vikaanza kutembea kabatini, na kimoja kikafika ukingoni kikaendelea.

Afande ni muuguzi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala saa moja tu.

"Zima."

Ikazimika. The Slits sasa hupigwa Afande akiwa kazini, na Besi amebandika ratiba ya zamu zake kwenye friji.

Kwa Afande mwenyewe nilikwenda taratibu. Mtu anayerudi asubuhi miguu imevimba hataki kupigiwa kelele na mtu yeyote, hata awe na haki. Nilimwekea Pink Moon ya Nick Drake, ya mwaka 1972, iliyorekodiwa kwa usiku mbili: sauti, gitaa, na piano kidogo sana kwenye wimbo mmoja. Albamu nzima ni kama dakika 28, na maji ya moto ya kulowekea miguu hupoa muda huohuo. Nick alifariki 1974 akiwa na miaka 26, na alipokuwa hai wanunuzi wake walikuwa wachache. Leo vijana waliozaliwa miongo mitatu baada ya kifo chake wanamjua kwa moyo.

Afande alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumba. Nikadhani amelala. Akauliza, "Mama yake alikuwa nani?"

Afande humuulizia kila mtu mama yake. Wagonjwa, mafundi bomba, wanasiasa. Na safari hii swali lilikuwa na jibu zuri kuliko yote, kwa sababu Molly Drake, mama yake Nick, naye alikuwa akitunga nyimbo. Alikaa kwenye piano nyumbani kwao, kijijini, akaimba kwa sauti ndogo, na mumewe akamrekodi kwenye mashine ya tepu. Hakuwa akifanya maonyesho wala hakutafuta kampuni. Rekodi hizo zilifika madukani mwaka 2013, yeye na mwanawe wote wakiwa wameshafariki. Ukizisikia unajua kijana yule hakuokota miziki yake barabarani. Afande sasa anamweka Molly mbele ya Nick, na kila muuguzi mwenzake anayekuja kwetu hupitishwa kwa mama kwanza. Nimeona namna hiyo ikifanya kazi kwa watu waliokuwa wakisema Nick Drake anawatia huzuni. Wanaanza na mama, halafu wanamuulizia mtoto wenyewe.

Kesi ya Wakili ilikuwa nzito. Kwake kasha langu lote lilikuwa "muziki wa babu za watu." Mwaka huu, isitoshe, amefungwa vyuma vya meno, na tangu siku hiyo alikuwa amekoma kucheka mbele ya watu. Picha anapiga mdomo umefungwa. Mama yake alisema maneno, bibi yake akasema, mimi nikasema, na hoja zetu zote zikatupiliwa mbali.

Nikaliacha jalada la X-Ray Spex mezani. Mwimbaji wao, Poly Styrene, alizaliwa 1957 Bromley, baba Msomali, mama Mwingereza mweupe, akakulia Brixton. Siku alipotimiza miaka 19, Julai 1976, aliwaona Sex Pistols kwenye gati la Hastings, kwenye ukumbi usio na watu wengi, akarudi nyumbani, akatoa tangazo gazetini kutafuta wenzake wa kuanzisha bendi. Aliimba kuhusu plastiki, matangazo ya biashara, maduka, na watu wanaojitazama wasijione, zamani hizo simu bado zimefungwa ukutani. Na alipanda jukwaani na vyuma vyake vya meno, akifungua mdomo wote.

"Baba. Hivi ni vyuma?"

"Ndiyo."

Akaichukua santuri. Haijarudi sebuleni tangu hapo isipokuwa kwa ruhusa yake. Zamu yake ya kuosha vyombo ikifika, "Oh Bondage Up Yours!" inapigwa kwa nguvu kutoka chumbani kama utetezi wa kisheria. Picha ya Idd mwaka huu tunayo: meno yote nje, vyuma vinawaka. Binti yake Poly, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu juu ya mama yake, iliyotoka 2021. Afande na Wakili waliitazama wawili tu, mlango umefungwa, na walipotoka walikuwa wameshikana mikono. Waliyozungumza sijaambiwa, wala sikuuliza.

Nikabaki na Jaji Mkuu.

Jaji Mkuu ni mtu wa taarabu, wa Bi Kidude na Culture Musical Club. Kwake wimbo ni maneno, na maneno yasiyo na fumbo ni tangazo la mnada. Swali lake la kwanza nililitarajia, maana Mzanzibari yeyote ukimtajia muziki wa Uingereza atakuuliza hilo.

"Mwanangu, na mtoto wa Bulsara, mbona humpigi?"

Nikamweleza kwamba Farrokh Bulsara wetu, aliyezaliwa Unguja 1946 na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, hakuwa mtu wa panki. Nikaongeza, kumfurahisha, kwamba mwaka 1977 Queen na Sex Pistols walikuwa wakirekodi kwenye studio moja, Wessex, kaskazini ya London, wakikutana kwenye korido. Haikusaidia.

"Basi kasha lako lina upungufu," akasema, na ikawa hukumu.

Nikamtolea Joan Armatrading. Alizaliwa St Kitts 1950, akakulia Birmingham. Baba yake alikuwa na gitaa, lakini alilificha ili bintiye asilichezee. Joan akaona gitaa kwenye duka la rehani, bei yake pauni tatu, na mama hana hizo pauni tatu. Mama akatazama ndani, akaona vigari viwili vya kusukumia watoto vilivyochakaa, akasema kama watakubali kubadilishana, haya. Wakakubali. Kwa vigari viwili vya watoto Uingereza ikapata mmoja wa watunzi wake wakubwa.

Jaji Mkuu alimhukumu baba yule hapohapo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kwa niaba ya kina baba wote. Nikapiga "Love and Affection," wimbo wa 1976. Kiingereza cha Jaji Mkuu ni cha sokoni na cha hospitali, lakini mtu aliyemsikiliza Bi Kidude hahitaji kamusi kuijua sauti. Ilipoisha akasema, "Huyu haombi. Anasema." Sijapata kusoma mchambuzi aliyemweleza Joan Armatrading vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye Jumapili ya moshi.

Nilikuwa nimemhifadhi Billy Bragg kwa siku ambayo wote wangekuwapo, kwa sababu yeye ndiye anayeziunganisha aina zote mbili: mtu mmoja, nyimbo zake mwenyewe, gitaa la umeme linalopigwa kwa hasira ya panki. Na ni mtu wa hapa. Alizaliwa Barking mwaka 1957. Aprili 1978 alikwenda Victoria Park kwenye tamasha la Rock Against Racism, ambako walipiga The Clash, X-Ray Spex, Steel Pulse na Tom Robinson, na amesema mara nyingi kwamba siku ile ndiyo iliyomfungua macho. Mwaka 1981 aliingia jeshini, baada ya miezi michache akajinunua atoke kwa pauni 175. Mwaka 1983 ikatoka Life's a Riot with Spy vs Spy, nyimbo saba, dakika kama kumi na sita, pengine mlango mfupi na mpana kuliko yote kwa msikilizaji mpya. Besi aliponiuliza kwa nini tujali, nilimwambia hivi: mwaka 2006 chama kilichotaka watu kama sisi tuondoke nchini kilipata viti kwenye baraza la mji huu. Bragg alirudi kwao akafanya kampeni dhidi yake, pamoja na wengine wengi. Mwaka 2010 kilipoteza viti vyote. Sisi tunaishi hapa na tunapiga baragumu zetu za Idd dirisha wazi. Besi akanyamaza, akaniomba nafasi kwenye kochi.

Jaji Mkuu alikuwa jikoni na biriani ya mbuzi. Nikaanza kuwahadithia namna Bragg alivyofika redioni. Alimsikia mtangazaji John Peel wa BBC akisema hewani kwamba ana njaa. Akaenda akanunua biriani ya uyoga, akaipeleka mpaka BBC pamoja na santuri yake.

Sauti ikatoka jikoni. "Biriani ya nini?"

"Ya uyoga, Mama."

Akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Kwani mbuzi walikuwa wamekwisha?"

"Mama, ndiyo iliyokuwapo."

"Na huyo mtangazaji akala?"

"Akala. Akapiga wimbo."

"Alikula kwa adabu tu. Ile haikuwa biriani. Ule ulikuwa wali umepotea njia."

Wakili, ambaye ameacha nyama tangu mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, alisimama kuutetea uyoga. Besi akasema biriani ni masala, kinachotiwa ndani ni mgeni tu. Jaji Mkuu akakaa kitako ili asikilize kesi ipasavyo, mwiko juu ya goti. Afande akasema Peel mwenyewe alisisitiza kwamba wimbo angeupiga hata bila biriani, jambo nililomwambia mimi na lililomfurahisha sana, kwa hiyo uyoga hauna sifa yoyote katika shauri hili. Katikati ya mabishano nikaweka santuri ya Bragg.

Ikatoka sauti nzito, ya polepole, ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Anaumwa?" Jaji Mkuu akauliza.

Santuri ile ni kubwa, ya inchi 12, lakini ilikatwa izunguke mara 45 kwa dakika badala ya 33 zilizozoeleka kwa ukubwa huo. Fundi Bomoa alikuwa amekizungusha kitufe. Na raha yangu haikuwa na mipaka, kwa sababu Peel naye, usiku ule baada ya biriani, aliupiga wimbo huohuo kwa mwendo usio wake! Nikamnyanyua mwanangu juu, nikamwambia amefanya jambo la kihistoria. Mama yake hakufurahi, ila kijana ameliandika kwenye daftari la shule.

Tukarudisha 45. Bragg akapiga. Gitaa lake linakwaruza mithili ya mwiko unaoutafuta ukoko chini ya sufuria, na juu yake inapanda lafudhi ya hapahapa mtaani, bila kujipamba. Wakili akadai zamu yake ya kujibu. X-Ray Spex ikapanda, sauti juu, saksafoni inalia, Poly anaita, Besi anatingisha kichwa. Kisha kikaingia kilio kingine, chembamba, hakikatiki.

"Hiki kipande kipya?" Besi akauliza, amependezwa.

Kilikuwa king'ora cha moshi.

Sitaki kuyaeleza yote yaliyofuata, maana Afande alitoa amri nyingi kwa wakati mmoja na sote tulizitii kwa pamoja ndani ya jiko la hatua tatu. Madirisha yalifunguliwa. Fundi Bomoa alipanda kiti, akakipungia king'ora kwa kanga ya bibi yake, kisha akaking'oa darini kizima-kizima na kikaendelea kulia mikononi mwake. Jaji Mkuu aliinusuru sehemu ya juu ya sufuria kwa mikono mitupu, akisema yote haya ni laana ya uyoga. Na mlango ukagongwa.

Alikuwa mzee Mwingereza wa ghorofa ya chini, fundi mstaafu wa kiwanda cha magari cha Dagenham, na mtungi wa kuzimia moto. Alipoona hakuna moto, macho yake yalitua kwenye jalada la Bragg, ambalo limeandikwa juu yake usilipe zaidi ya pauni 2.99. Akasema yeye alililipia hivyohivyo, lilipotoka. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama ninayo ya Kirsty.

Ninayo. Santuri ndogo, Kirsty MacColl, "A New England," wimbo wa Bragg ambao Kirsty aliuimba mwaka 1984. Ulikuwa mfupi mno, basi Bragg akamwongezea ubeti. Ukapata watu wengi kuliko ulivyowahi kupata kwa mwenyewe. Desemba 2000 Kirsty alikuwa akipiga mbizi baharini huko Mexico na wanawe, boti ya kasi ikawajia, akamsukuma mwanawe pembeni, ikamgonga yeye. Tangu hapo Bragg akiuimba wimbo huu huimba na ubeti aliomtungia Kirsty.

Niliyaeleza hayo kwa Kiswahili, Afande akimpakulia mzee biriani ya juu isiyoungua.

"Mtoto alipona?" Jaji Mkuu akauliza.

"Alipona, Mama."

"Alhamdulillahi. Rudia wimbo wa mama huyo."

Nikarudia. Nikarudia tena alipoagiza. Tangu siku hiyo sheria ya Jumapili ni yake: kwanza taarabu, halafu Kirsty, halafu Joan, halafu wengine wapange foleni. Richard Thompson, mtunzi-mwimbaji ninayempenda mno, hajafikiwa mpaka leo. Mzee wa chini anapanda na santuri zake mwenyewe chini ya kwapa na anakaa karibu na Besi. Kesi ya uyoga nayo haijafungwa. Wiki iliyopita Jaji Mkuu, akifunga masanduku yake ya Unguja kwa ajili ya mwezi ujao, alitaka kujua huyo kijana wa Barking anaishi mtaa gani.

"Alihamia Dorset miaka mingi iliyopita, Mama," Afande akamwambia. "Na si kijana tena."

"Mbali?"

"Saa tatu kwa gari."

"Saa tatu si kitu. Nikiifunga sufuria kwa kanga mbili inafika ya moto. Besi ataendesha. Wewe Wakili utatafsiri. Mwambieni ya mbuzi."